Maneno ya Mtihani wa Jeconia

Siku hiyo Mwalimu Selpha alishindwa kabisa kukaa. Alizungukazunguka chumba cha Daktari Jemutai, kutoka dirishani hadi mlangoni, akimpigapiga bintiye mchanga Amondi, aliyembeba mgongoni kwa leso, ijapokuwa mtoto alishalala zamani. Mezani, mumewe Jeconia alikuwa akipimwa kumbukumbu kwa mara ya pili.

Jeconia alikuwa dereva wa basi la shule kabla pikipiki haijamwangusha huko Kapseret, kichwa kikatangulia lami. Mifupa iliunga. Ya zamani aliyakumbuka yote: harusi yao, mwanawe Marvin, kila kona ya barabara ya Kaptagat. Mapya ndiyo hayakukaa. Amondi alizaliwa baada ya ajali, na kila asubuhi baba yake alimtazama akauliza kwa adabu, "Mama Marvin, huyu mtoto ni wa nani?" Selpha alimjibu harakaharaka huku akigeukia jiko, maana swali lilimuuma na hakutaka kuonekana akilia.

Shule ilikuwa bado imemshikia kazi, mradi daktari aseme amepona. Hapo Selpha akapumua: kumbe ni mtihani tu! Na mambo ya mitihani, jamani, nani angemfundisha yeye? Huko Kiplombe alikofundisha, hata watoto waliosinzia darasani walipita. Siku ya kipimo cha kwanza alikuwa ametega sikio mlangoni, akayanasa maneno ambayo mumewe alitakiwa kuyakumbuka. Daktari aliwapa pia mazoezi ya ubongo ya kufanya nyumbani: kadi za kutafuta picha zinazofanana, na njia ya dukani ya kutembea pamoja huku Jeconia akiongoza. Selpha alizitupa kadi kabatini. Hazikuwa kwenye mtihani. Kabla ya chai na kabla ya ugali, wimbo ulikuwa mmoja: ndizi, kengele, shati, daraja, mbuzi. Marvin naye akawa anayaimba akioga.

"Baba Marvin," alisema Daktari Jemutai, "nitakusomea maneno. Baadaye nitakuuliza, sawa?"

"Sawa, daktari."

"Jembe, dirisha, chungwa, kofia, mto."

Selpha alisimama ghafla katikati ya chumba. "Daktari, si hayo! Yale ya kwanza je?"

"Mwalimu, hatuwezi kurudia yale yale. Si itakuwa mtihani umevuja?"

Selpha alirudi dirishani. Alitazama mvua, akatazama kalamu ya mumewe ikichora uso wa saa kama alivyoagizwa, akatazama mvua tena. Alitamani kumnong'oneza, lakini amnong'oneze nini?

"Haya," alisema daktari mwishowe, "nilikusomea maneno gani?"

Jeconia alitabasamu. Tangu ajali, Selpha hakuwa amemwona na uhakika namna ile. "Ndizi. Kengele. Shati. Daraja. Mbuzi." Kisha akamgeukia mkewe, akingoja kupigiwa makofi.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mwalimu, ulimfundisha?"

"Nilitaka apite," Selpha alisema. "Sasa nimemharibia, ama?"

"Basi hawezi kuendesha. Hao ni watoto wa watu, siwezi kumruhusu." Daktari aliichukua tena kalamu. "Lakini mlikuwa mkirudia kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Hakuna siku tuliruka."

"Basi kichwa chake kinashika kitu kikirudiwa hivyo. Hiyo sikuwa najua. Sasa mfundishe kitu cha kumsaidia."

Hapo ndipo Selpha alipokaa. Aibu ilimshika, aibu yenye uchungu. Asubuhi zote hizo mume wake alikuwa akimuuliza swali moja, naye akamkaririsha mbuzi na daraja. Alifungua leso, akamshusha mtoto, akamweka mapajani mwa baba yake.

"Baba Marvin, huyu ni Amondi. Ni mtoto wako. Sema: Amondi, msichana wangu."

"Amondi, msichana wangu."

Alimwacha atazame mvua kidogo. Kisha akamuuliza, "Huyu ni nani?"

Jeconia alimkagua mtoto, paji la uso likikunjamana kwa bidii. Alitaka sana kupata.

"Kengele?"

Daktari aliinamisha kichwa. Selpha alicheka huku machozi yakimtoka, akapangusa pua kwa ncha ya leso, akasogeza kiti karibu.

"Tena," alisema. "Huyu ni Amondi."