Joho la Yadollah

Tangu asubuhi Bibi Nosrat alikuwa akijitahidi kusema Kinaini, lugha ya mji wao, mbele ya kinasa sauti cha mgeni wake, lakini kila alipofungua kinywa kilitoka Kiajemi safi cha redioni. Angefanyaje? Alivyolelewa, kumsemesha mgeni lugha asiyoijua ni sawa na kumnyima chai.

"Sema tu kama mnavyosema nyumbani, bibi," alisihi Taraneh, msichana aliyekulia Uswidi, aliyekuja Nain kukusanya maneno kabla wazee hawajaisha.

"Ndiyo, mwanangu. Karibu lozi," alijibu Bibi Nosrat kwa Kiajemi.

Shemeji yake, Mashdi Heydar, alikuwa pembeni akinywa chai, amebana kipande cha sukari kwenye meno, anacheka moyoni.

Taraneh akakata tamaa. Alipoinuka, macho yake yakaangukia joho la sufu ya ngamia lililotundikwa ukutani.

"Mashallah, joho zuri!"

"Ni lako," alisema Bibi Nosrat bila kufikiri. Nain nzima husema hivyo kitu kikisifiwa. Mgeni hukataa, mwenyeji husisitiza, mpaka mara ya tatu. Kitu kinabaki msumarini na heshima imetimia.

"Kweli? Asante sana, bibi!" Taraneh akalishusha, akalivaa.

Chai ikampalia Mashdi Heydar.

Joho hilo mumewe, Yadollah, alilifuma kwa mikono yake, mwaka wa mwisho wa macho yake kuona. Miezi saba tangu amzike, Bibi Nosrat hakuwa amelifua. Shingoni bado lilinuka tumbaku yake. Lakini kumnyang'anya mgeni? Heri ardhi ipasuke immeze.

"Limekupendeza," alisema.

"Umerukwa na akili, shemeji?" Mashdi Heydar alifoka, kwa Kinaini ili mgeni asielewe. "Joho la kaka yangu linakwenda Uswidi!"

"Nifanyeje, nimvue?" Naye alijibu kwa Kinaini, akitabasamu kama anayezungumzia mvua. "Na wewe umekaa hapo kama gunia la chumvi, mashavu yamejaa sukari yangu!"

"Mwambie ni chafu, unalifua kwanza!"

"Nilifue harufu yake iishe? Mkia wa ngamia wewe! Yadollah angekuwepo angekufuma ukawa mkeka!"

"Mkeka angekalia nani, wewe mwenye makalio ya—"

Akamtupia jicho mgeni. Taraneh alikuwa mwekundu kwa aibu kama komamanga. Miaka mitatu alikuwa akijifunza Kinaini vitabuni. Ulimi ulikuwa bado mzito, ila masikio yalishaiva. Alilivua joho, akalirudisha msumarini, akasema kwa Kinaini cha kujikongoja, "Bibi, mimi sistahili."

"Haiwezekani, ni lako," alisema Bibi Nosrat, vidole vyote kumi vimelishika joho.

"Sistahili, bibi."

"Nitakasirika!" Akalikumbatia.

Mashdi Heydar akafumba macho.

"Sistahili."

"Basi, kama hutaki," alisema Bibi Nosrat upesi, pumzi zikamrudi.

Hapo ndipo walipokiona kinasa sauti, taa yake nyekundu bado inawaka. Hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Samahani," alisema Taraneh. "Niyafute hayo matusi?"

"Usithubutu. Hilo la mkia wa ngamia ni la Yadollah. Aliniamsha nalo miaka arobaini." Bibi Nosrat akakaa chini, joho mapajani. "Hebu kirudishe nyuma hicho kinasa, mwanangu, nilisikie tena."

Safari hii alisema kwa Kinaini.