Mkono Usiofika Chunguni

Mama mkwe hatazamwi. Hilo Alois alilijua kabla hajajua kusoma saa ya stesheni. Ukikutana naye unatoka njiani, unageuza uso, unangoja apite. Akikohoa tu, shingo yako iwe imekwisha kugeuka. Kwao walisema anayemkodolea macho mkwewe atapofuka, na atakayeona asichotakiwa kuona, Mungu apishe mbali, huyo kupofuka kwake ni nafuu.

Haya, lishikeni hilo, maana ndilo lililomponza Jumapili ile ya Oktoba, mwaka wa hamsini na sita, mto Ugalla ulipokauka ukabaki madimbwi.

Alois alikuwa karani wa stesheni ndogo karibu na daraja. Treni ilipita mara chache kwa juma. Siku zilizobaki alikuwa na mto, na alikuwa na fimbo. Si fimbo ya kuchungia mbuzi, ni ya kuvulia samaki. Aliachiwa na mzungu aliyejenga daraja, siku alipopanda treni kurudi kwao. Ilikuwa ya mianzi iliyopasuliwa ikaunganishwa tena kwa gundi, nene kishikioni, nyembamba nchani kama mkia wa panya, na chini yake kigurudumu cha shaba kilichokunja mshipi wa nailoni usioonekana majini. Ukitupa, kigurudumu kinalia kama nyenje. Samaki akikimbia, kinapiga kelele kama mtoto aliyekalia siafu.

Mwisho wa mshipi hapakuwa na mnyoo wala panzi. Palikuwa na samaki wa mti, mgongo wa kijani, koo jekundu, ndoano tatu tumboni na tatu mkiani. Mzungu alimwachia samaki sita wa namna hiyo. Watano walikwisha kumezwa na magogo ya mtoni. Alibaki huyo mmoja.

Na mafundisho alimwachia. "Samaki akikimbia, mpe uzi. Akichoka, mlete. Usibishane naye." Tena, kila baada ya samaki pitisha mshipi katikati ya vidole, upapase kama umekwaruzika, maana penye mkwaruzo ndipo patakapokatika. Fundisho la mwisho ndilo lililomharibia jina: samaki wa mchezo hupimwa, kisha hurudishwa majini. Alois akachonga alama kwenye fimbo, moja hadi nane, akawa anapima na kurudisha, anapima na kurudisha.

Watu walicheka kwanza. Halafu wakaacha kucheka.

"Wewe karani," aliwahi kuambiwa na Gaspar, mnyapara wa genge la reli, Mfipa na mtani wake, "ukienda kisimani nako unachota maji ukayamwaga?"

"Hujui mchezo wewe. Mtega migono ya fito utajua nini?"

"Migono yangu haina kigurudumu, lakini wanangu wana mashavu."

Sasa Kasilda, mke wa Alois, alikuwa na siku kumi tangu ajifungue. Mtoto wa kiume, Felisiani. Mtoto alilia mchana kutwa kwa sababu maziwa yalikuwa machache, na maziwa yalikuwa machache kwa sababu mzazi alikula mlenda asubuhi na mlenda jioni. Mama yake Kasilda, Marselina, alikuja kwa miguu kutoka kijijini kwao na kibuyu cha asali na unga wa ulezi. Akafikia kwa Gaspar, maana mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Akatuma neno kwa kinywa cha Lusia, mke wa Gaspar: mzazi anataka mchuzi wa samaki.

Siku tatu zikapita. Akatuma neno la pili.

"Mama anasema," Lusia alisema mlangoni, bila hata kukaa, "Jumapili jua likizama bila samaki, anamchukua mwanawe na mjukuu wake. Na harudishi."

"Amri hizo anapeleka kwa nani? Hii nyumba ya nani?"

"Mimi ni mdomo tu, shemeji. Usinitoe meno."

Basi Jumapili Alois akaenda mtoni na kinyongo chake, kweli akiwa amekusudia kuleta samaki. Wala msidhani hakukusudia. Alitupa, akakunja polepole, akitikisa ncha ili yule wa mti acheze kama aliyevunjika ubavu. Mara ya tano mshipi ulikazika. Alimpa uzi, akamleta, akampa, akamleta, akamtoa: kambare mnene, shingo kama kifundo cha mguu wa mtu. Akampima. Alama ya tano.

Hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza. Alijiambia, "Nikipeleka wa tano, yule mama atasema siku tatu kwa kidude hiki? Kwenye kina yupo wa nane. Nitamtupia huyo miguuni pa Lusia, na mdomo ufungwe." Akamshika kambare tumboni, akamwosha matope, akamwachia. Kambare akapiga mkia mara moja, akaenda zake.

Alois akapapasa mshipi. Mzima. Akainua fimbo nyuma ya bega, akaizungusha mbele kwa nguvu zote, na pale pale kidole kilipokuwa kinaachia mshipi, upande wake wa kulia, penye njia, mtu alikohoa.

Kikohozi kile alikijua. Shingo ikageuka kushoto yenyewe, na bega likafuata shingo, na fimbo ikafuata bega. Ncha ikafyatuka kinyume, na samaki wa mti akaenda kulia. Kigurudumu kililia, halafu kikanyamaza ghafla, na mshipi ukawa mzito. Na mkono uliozoea haungoji kuambiwa: ulipiga fimbo juu, kama unavyopiga samaki anapouma.

Nguo ikalia *twaa*.

"Mama wee! Ananivua nguo huyu!"

Alois akafumba macho. Jasho lilimtoka hadi visigino. Nyuma yake mama mkwe alihema, akahema, kisha akasema na mti, kwa kuwa na yeye hakuruhusiwa kusema na mkwewe.

"Ewe mninga! Muulize huyo karani, mimi ni kambare?"

"Ewe fimbo," Alois alisema, "mwambie mama, sikumwona."

"Mninga, mwambie kutoniona ndiyo heshima. Lakini yule samaki alimwona! Alimwona, akampima, akamwogesha kama mtoto mchanga, akamrudisha. Mimi nimesimama hapa nimeona kwa macho haya. Mwanangu anakunywa maji ya majani, yeye anaogesha samaki!"

"Fimbo, mwambie nilitaka mkubwa zaidi."

"Mninga, kitendawili!" Mti ukanyamaza, naye akajijibu mwenyewe, "Tega. Binti yangu ana bwana, mkono wake unafika ng'ambo ya mto, chunguni haufiki."

Alois alijaribu kulegeza mshipi kidogo.

"Mninga, mwambie ndoano zimeshika kaniki penye fundo. Nilipotaka kuzitoa, za mkiani zikaingia kidole gumba. Sasa mkono umeshonwa kifuani. Nikivuta mkono, nguo inafunguka. Akivuta yeye, inafunguka. Akate huo uzi wake. Sasa hivi!"

Kisu kilikuwa kiunoni. Alois alikishika mpini.

Hapo akakosea mara ya pili, na hii ndiyo kubwa. Mshipi kama ule haukuuzwa Mpanda. Haukuuzwa Tabora. Kati yake na mama zimelala hatua arobaini za mshipi, na akikata pale, kigurudumuni kitabaki kipande kisichofika hata katikati ya dimbwi. Na samaki wa mti atakwenda nao.

"Fimbo," alisema, "mwambie mama asubiri kidogo. Nitamwita Lusia aje amchomoe polepole."

Mbung'o mmoja akamtua Alois shingoni.

"Asubiri," mama mkwe alisema. Safari hii hakuuambia mti. "Haya. Nyumbani ni kule."

Akaondoka. Kigurudumu kikaanza kulia, naye Alois, uso umegeuzwa kando, ncha ya fimbo juu, akaanza kumfuata kinyumenyume. Akikimbia, mpe uzi. Akampa. Akisimama, yeye alikunja mshipi kidogo usije ukanasa vichakani, na mara akisikia, "Fundo! Nimesema fundo!" anaachia tena. Yule mama alipita katikati ya miti iliyosongamana. Alizunguka kichuguu, kwa makusudi kabisa, kama samaki mwenye akili anavyozunguka gogo, na Alois ikambidi akizunguke mbio, akijikwaa, mbung'o wanamla na mkono wa kuwapiga hana. Samaki wote aliowahi kuwapima hakuna aliyemtesa hivyo.

Wakatokea stesheni hivyo, mama mkwe mbele, karani nyuma hatua hamsini.

"Heee! Nyie, tokeni nje!" Gaspar alipiga makofi. "Karani leo kapata mkubwa! Bwana, huyo ni alama ya ngapi? Au naye unamrudisha majini?"

Watu wa genge walicheka mpaka wakashikana. Kisha Marselina akafika karibu, wakaona damu imeshuka hadi kwenye kiwiko, na kicheko kikafa. Utani nao una mpaka.

"Samahani, mama," Gaspar alisema, akavua kofia.

Kasilda alitoka na mtoto mgongoni. Alimtazama mama yake, akatazama mkono, akaufuata mshipi kwa macho hadi ulipoishia. Aliingia ndani, akarudi na kisu cha jikoni. Alisimama kando ya mama yake.

"Baba Felisiani."

"Naam."

"Kisu chako kiko wapi?"

"Kiunoni."

"Tangu mtoni kilikuwa kiunoni?"

Macho ya Alois yalikuwa kwenye ukuta wa stesheni.

"Nakuuliza. Tangu mtoni?"

"Kilikuwepo."

Mtoto alianza kulia, ile sauti nyembamba ya mchana kutwa. Kasilda hakumtikisa.

"Basi chagua. Kata hapo kwako, uzi wote uanguke. Au nikate mimi hapa kwa mama, uzi wako ukurudie mzima."

Alois aliwaza haraka. Na alivyowaza, aliona ana akili: kisu kikikata karibu na ndoano, mama anapumzika upesi zaidi, kidole kinatibiwa ndani kwa heshima, na uzi haupotei. Hakuna anayeumia.

"Kata hapo kwa mama," alisema. "Ni karibu zaidi. Itamsaidia na yeye."

Kasilda akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Akakata. Mshipi ukaruka hewani, ukalala mchangani kama nyoka aliyekufa, naye akamshika mama yake bega, wakaingia ndani.

Alois alikunja. Hatua hamsini zilirudi zote. Aliupitisha mshipi kati ya vidole, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukuta mkwaruzo hata mmoja.

Walipotoka alikuwa bado amegeukia ukuta, kwa hiyo hakuwaona. Alisikia tu: mkeka unakunjwa, mtoto analia, Lusia anasema, "Mama, mngengoja jua lishuke." Na mama mkwe, kidole kimefungwa kitambaa, aliuambia mlango:

"Mlango, mwambie karani samaki wake amefika chunguni."

Nyayo zikafuata njia ya kijijini. Kilio cha mtoto kikapungua, kikapungua, kikawa kama cha ndege, kikaisha.

Alois aliingia ndani. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, kimefunikwa vizuri. Akafunua. Ndani ya maji baridi alielea yule samaki wa mti, mgongo wa kijani, koo jekundu, ndoano zote sita zimeoshwa.

Akachovya kidole, akaonja. Chumvi ilikuwa imetiwa.