Chumvi ya Mihal

Tangu tumzike Mihal, mama yangu Stoyna hagusi chumvi. Maharage yake hayana ladha. Kila mtu hujitilia mezani. Pipa la kabichi limekauka uani, maana kabichi haichachi bila chumvi, na majirani wanatucheka: Wabulgaria gani hawa wanaoingia kipupwe bila kabichi ya pipa?

Mihal alikuwa mtoto wa kwanza wa kaka yangu Kamen. Alipozaliwa, mama alimpaka chumvi mwili mzima, kama nilivyopakwa mimi na kila mtu kijijini, ili akikua jasho lake lisinuke. Hadi leo mtu akinuka kikwapa tunamtania, "Wewe hukupakwa chumvi!" Kisha Mihal akaanza kutapika, akanyauka, akafa hata hajabatizwa. Kamen akamwambia mama mbele ya waombolezaji, "Umeniulia mwanangu." Tangu siku hiyo akawa hakanyagi kwetu.

Neda, wa pili, hakupakwa hata chembe. Ralitsa, mke wa Kamen, alitupa mpaka kopo la chumvi la jikoni. Neda akaanza kutapika vilevile.

Nilikuwa nao hospitalini mjini. Walimpa homoni ya kuzuia chumvi isipotee mwilini. Wakaongeza dozi. Wapi! Mtoto analegea mikononi mwetu, nasi tunatazama tu. Sijawahi kujiona bure namna ile.

Mwishowe daktari akatuita. "Homoni hiyo anayo tele, kutuzidi sisi sote. Mwili wake ndio hauisikii. Ugonjwa huu kaurithi kwenu wawili, bila nyinyi kujua. Chumvi yote inamtoka na mkojo."

"Dawa yake?" Kamen akauliza.

"Ya kuufanya mwili usikie, hakuna. Tutamrudishia kinachopotea. Mkienda nyumbani, chumvi kwenye maziwa yake, kwa kipimo, kila siku. Mkisahau, mtampoteza."

Ralitsa akanishika mkono. "Wifi, kasema chumvi?"

"Na yule wa kwanza je?" Kamen akamuuliza.

Daktari akauliza dalili zake, Kamen akamweleza, pamoja na ile chumvi aliyopakwa. "Kumpaka mtoto chumvi ni hatari, msifanye tena. Lakini huyo, inaelekea alikufa kwa kuikosa."

Neda aliporudishwa nyumbani, mwepesi bado, Ralitsa hakuweza. Akishika kijiko cha chumvi anamwaga, analia. Ndipo Kamen akaja kwetu, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mama, njoo utusaidie. Wewe una mkono mtulivu."

Mama akaficha mikono chini ya aproni. "Mimi? Hapana, mwanangu. Asije akafa na huyu."

"Mama, si wewe uliyemuua. Daktari kasema. Chumvi ndiyo iliyompungukia."

Nilitamani kumzaba kibao. Miaka yote ile, halafu anaimaliza kwa maneno machache hivyo! Lakini alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na nyumbani kwake mtoto alikuwa anasubiri maziwa.

Mama peke yake hakulia. Aliitoa mikono, akaitazama.

"Nilipokuwa nampaka chumvi, Mihal alikamata kidole changu akakinyonya," alisema. "Hakutaka kukiachia. Nikakichomoa, nikamwosha."