Mpaka Kamba Ikauke

“—dhoruba, Mjomba! Jamani, dhoruba ya kweli kweli! Hebu ona lile wingu lilivyo jeusi, asante Mungu!”

Mjomba akachomoza kichwa kwenye tundu la injini, oili mpaka kwenye nyusi, akamtazama mpwa wake anavyorukaruka juu ya mifuko ya simenti.

“Huko chuoni walikufundisha nini wewe? Watu matumbo yanawacheza, wewe unashangilia?”

“Si tutaingia kule kwenye kibandari cha kujificha?”

“Tukifika!”

Nyie, acheni ashangilie. Huyu binti kwao wanamwita Kasuku, maana tangu aanze kusema hajafunga mdomo, na siku hiyo alikuwa na habari imemjaa kifuani mpaka chai haipiti. Baba yake ndiye nahodha. Boti yao hubeba simenti, magodoro na kreti za soda, safari ndefu ya bandari hadi bandari, na njia nzima pana sehemu moja tu ya kukimbilia upepo ukichachamaa: kibandari nyuma ya ukuta wa mawe, chenye mitaa miwili na chumba cha chai.

Sasa sikia. Kasuku alipokuwa mdogo, kila shule zikifungwa alipandishwa botini, na kwake yeye dhoruba ndiyo ilikuwa likizo yenyewe. Boti zote zilikuja kujibanza pale, zikafungwa ubavu kwa ubavu, ya kwanza kwenye gati, ya pili kwenye ya kwanza, hivyo hivyo, mpaka ungetembea kutoka gatini hadi katikati ya maji bila kulowa hata kidole. Ila kwa adabu! Unapita mbele ya boti ya mwenzio, hupiti nyuma, nyuma ni jikoni kwa watu. Na hodi unapiga, hata kama mwenyewe amekukodolea macho. Watoto walicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Na Baba, ambaye safari nzima alikuwa mgongo tu mbele ya usukani, ghafla akawa mtu mwenye mapaja ya kukaliwa. Mpaka leo harufu ya kamba mbichi na dizeli ikimpita puani, Kasuku anasikia usingizi mtamu.

Halafu kuna Matairi. Mtoto wa boti ya buluu, aliyepewa jina hilo kwa sababu alipenda kukaa kwenye yale matairi yanayoning'inizwa ubavuni ili boti zisikwaruzane, miguu ndani ya maji, anakula miwa ya watu. Kwao bandari ya mwisho kule, kwa kina Kasuku bandari ya mwisho huku. Hawakuwahi kuonana popote ila pale, na pale hawakuonana ila upepo ukivuma. Urafiki wao wote ulikuwa wa hali mbaya ya hewa! Kasuku akaenda chuo, miaka ikapita, mara ya mwisho alimwacha na sauti inayokwaruza kama jogoo mchanga.

Na habari aliyokuwa nayo ni hii: amepata kazi. Ofisi ya bandari, kukagua vyombo, na si bandari nyingine ila ile ya kwao Matairi. Alikuwa hajamwambia mtu. Alitaka Matairi awe wa kwanza, na alitaka amwone usoni anavyoipokea, maana uso ndio ungemwambia kama alichagua vizuri au amejichoma mwenyewe. Msiniulize mbona hakupiga simu. Namba aliipata, akaiandika, akaifuta, akaiandika tena.

Wakafika, wamelowa chapachapa. Kibandari kitupu! Gati zima lina boti yao na tishari moja la kubebea mafuta, basi. Chumba cha chai kimepakwa rangi za kampuni ya simu.

“Siku hizi mizigo inakwenda na malori,” Baba akasema, anakamua kofia. “Zamani hapa ungekosa pa kuchomeka sindano.”

Akasimama pale kwenye mvua kitambo, anatazama maji kama mtu aliyerudi nyumba ya utotoni akakuta choo kimehamishwa.

Kasuku akakaa chini ya turubai, macho kwenye lango la ukuta. Mawimbi yalikuwa yanapanda mpaka juu ya mawe. Mbona haji? Au hasafiri tena? Au yuko huko nje na upepo huu? Mjomba akamletea chai, ikapoa mkononi.

Na ndipo ikaingia. Buluu ile ile, imechubuka, bomba la moshi limefungwa waya kama mgonjwa, na mbele amesimama mwanaume mabega haya, kamba mkononi.

“Oyaa, Kasuku! Bado unasema au umeshamaliza maneno?”

Sauti nzito! Kamba ikaruka, Kasuku akaidaka, akaifunga kwenye chuma cha mbele cha boti yao. Kamba ya nyuma akaifunga Mjomba.

“Shikamoo, mzee!” Matairi akamwamkia Baba.

“Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba wa baba yako. Nilisikia nikiwa mbali.”

“Nimeshapoa, mzee. Kamba zake hizi hizi ndizo zinanishika.”

Jioni ile Matairi akavuka, kapiga hodi, kapitia mbele kama alivyolelewa. Kasuku akasema weee! Akasema habari za chuo, za mwenye nyumba wake aliyekuwa anafunga maji, za paka aliyezalia ndani ya kabati. Akasema yote isipokuwa lile moja. Kila likifika kwenye ulimi, linateleza linarudi. Nitamwambia asubuhi, akajisemea, upepo wenyewe huu hauishi leo.

Asubuhi maji yametulia kama ya kwenye beseni.

“Fungua kamba!” Baba akaita. “Buluu atangulie, yuko nje yetu, halafu sisi.”

Mjomba akafungua kamba ya nyuma mara moja. Ya mbele akainama, akavuta, akatukana, akavuta tena.

“Nahodha, njoo uone maajabu. Hili si fundo, hili ni jiwe.”

Baba akaja, akalipapasa. Lilikuwa fundo la kufa, lile ambalo boti ikilivuta usiku kucha na mvua ikaliingia halifunguki mpaka kamba ikauke. Mtu wa boti halifungi hata akiwa usingizini.

“Nani kafunga hili?”

Baba akatazama mikono ya binti yake, iliyokuwa imejificha nyuma.

“Huyu nilimfundisha mafundo hajajua hata kuandika jina lake,” akaliambia lile fundo. Kisha akamtazama Matairi, aliyekuwa anachunguza mbingu kama anaiona kwa mara ya kwanza.

“Tukate tu,” Mjomba akasema. “Kule upande wa buluu imesokotwa kwenye pete ya chuma, haifunguki.”

“Ukate kamba ya marehemu, ndani ya bandari hii? Hapa utamtukana mtu babu yake na mkanywa chai pamoja. Kisu kwenye kamba ya mwenzio hapana. Tunasubiri ikauke.” Akavua mabuti. “Lete drafti, shemeji, nikufunge.”

“Unifunge wewe? Wewe?”

Wakaanza kupigiana kelele. Kasuku akashuka kwenye tairi, miguu majini, Matairi akakaa la pili.

“Nimepata kazi,” akasema, haraka, kabla halijateleza. “Bandari ya kwenu. Kukagua vyombo. Naanza mwezi ujao.”

“Kwetu? Pale pale kwetu?”

“Pale pale.”

Uso wa Matairi, nyie! Tabasamu lilianza mdomoni likafika masikioni.

“Kwa hiyo boti yangu utaikagua wewe?”

“Na nitaanzia kwenye hilo bomba lako la aibu.”

Akacheka mpaka tairi likayumba. Kisha akatulia, akamgeukia.

“Bandari zimejaa, Kasuku. Mbona kwetu?”

Kasuku akainua macho. Akaitazama kamba. Ilikuwa inadondosha maji, tone, tone, wala haina haraka.

“Hiyo ni ndefu,” akasema. “Nitakwambia kesho.”