Kisu Kinachovuta Kushoto

Mwenye bucha alikuwa na vitu viwili asivyomruhusu mtu kuvigusa: kinoo chake na sifa zake. Kinoo kilikaa kwenye karai la maji chini ya meza. Sifa zilikaa mdomoni, na hazikuwahi kukauka.

"Mimi sipimi pembe," alikuwa akisema kila asubuhi, akinoa mbele ya wateja. "Pembe ninayo kwenye kiwiko. Mkono huu ni mizani."

Basi watu wakamwita Mizani, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka kumsikiliza.

Siku hiyo alikuwa anamfukuza shemeji yake, mjane wa mdogo wake, na kusema kweli aliingojea kwa hamu. Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani, akaja kuomba kazi ya kukata nyama, akapewa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi ulikuwa unaisha, na Mama Hoteli, mteja mkubwa kuliko wote, alikuwa amesimama pale na sinia la nyama aliyoirudisha.

"Niliagiza steki, mkaniletea kabari za mlango," alisema. "Juu nyembamba, chini nene. Huku inaungua, huku mbichi. Nikirudi tena hapa, ni kuja kuwaaga."

"Si bucha, mama, ni mikono," Mizani alijibu kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Huyu nilimhurumia tu. Marehemu mumewe naye alikuwa hivyo hivyo. Mdogo wangu wa tumbo moja, lakini mkono kombo. Nilimvumilia miaka sita, nikamtoa. Ndege wafananao huruka pamoja!"

Wateja wawili wakacheka. Shemeji hakulia, jambo lililomuudhi Mizani, maana maneno ya kumbembeleza alikuwa ameshayaandaa.

"Sawa, shemeji, aproni nitavua," alisema yule mwanamke. "Lakini kwanza mkatie mama steki moja wewe mwenyewe. Nataka niuone mkono ulionyooka."

Ni miaka mingi Mizani hakuwa amekata mnofu. Kazi yake ilikuwa kupasua mifupa kwa shoka, kunoa, na kuzungumza. Lakini angekataaje mbele za watu? Akachukua kisu kwa madaha, akakata, akainua kipande. Juu chembamba, chini kinene. Akakata cha pili, kikawa vilevile.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mizani alisingizia mguu wa meza, akasingizia mwanga, mwishowe akamsingizia ng'ombe.

Shemeji alichukua karatasi ya kufungia nyama, akaikata mraba. "Kona hii ni nyuzi tisini," alisema. "Ukikunja nusu, arobaini na tano. Nusu tena, ishirini na mbili na ushee. Ndivyo tunavyokunja tukipima mishono."

"Loo! Sasa visu vinanolewa kwa karatasi!" Mizani akaangua kicheko. Hakuna aliyemfuata.

Mwanamke akachukua kalamu nene ya kuandikia bei, akayapaka makali wino mweusi pande zote mbili. Kisha akakitoa kinoo karaini na kukiweka mezani. Mizani akafungua mdomo.

"Mwache," alisema Mama Hoteli.

Shemeji aliisimamisha karatasi iliyokunjwa mara mbili juu ya kinoo, akakilaza kisu kwa kuifuata, akavuta taratibu. Upande wa kushoto wino ulitoka wote mpaka kwenye ukingo wa makali. Upande wa kulia ulitoka juu tu; kwenye ukingo ulibaki mweusi. Akakunja karatasi nyingine mara moja zaidi, akaiongeza juu ya ile ya kwanza, na ndipo wino wa ukingoni ukatoka.

"Kushoto karatasi moja, kulia moja na nusu," alisema. "Kulia kumesimama mno, kwa hiyo kisu kinasukumwa kushoto. Hata ukimpa malaika, atakata kabari. Tena pembe yenyewe ni nene, ya kufaa shoka lako la mifupa. Steki inataka kumi na tano kila upande."

Akakunja karatasi mpya, kona sehemu tatu sawasawa kisha nusu, akaanza kunoa. Mama Hoteli akakaa juu ya kreti kungoja. Mizani alisimama mikono nyuma kama mgeni katika bucha lake mwenyewe. Nyani haoni kundule, na hili lake alikuwa ameonyeshwa na fundi cherehani.

Kisu kilipokuwa tayari, shemeji akakata kwa mikono ileile ya jana. Steki ikatoka sawa juu na chini.

"Nikatie ishirini," Mama Hoteli alisema, "na akate huyu."

"Basi, shemeji, utabaki," alisema Mizani, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Yule mwanamke hakushukuru. Aliendelea kukata.

"Nyumbani mkate nilikuwa nakata mimi," alisema. "Miaka saba, tangu ulipomtoa hapa hadi anakufa. Akikishika kisu ananirudishia. 'Kata wewe, mimi mkono wangu kombo.' Kisu cha nyumbani, shemeji, ambacho wewe hujawahi kukinoa. Hata mkate."

Aibu ilimpanda Mizani mpaka masikioni. "Angeniambia..."

"Alikuambia. Alikuambia kisu kinavuta kushoto. Ulimjibu nini?"

Mizani alikumbuka vizuri. Alimjibu, "Kisu hakina akili. Mwenye akili ni wewe, kama unazo." Wateja walicheka sana siku ile, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.