Machicha ya Njia Panda

Tabibu Gu Yanting alikuwa amekwisha kunywa bilauri yake ya maji ya moto na kuziegemeza ukutani mbao za mlango wa duka la dawa, alipoingia Tan Guizhen, mfagiaji wa njia panda, akaketi kwenye kigoda cha wagonjwa. Ufagio wake wa matawi ya mianzi aliuacha nje, kwa adabu.

"Umekula, Tabibu?"

"Nimekula uji. Wewe je?"

"Mimi nimekula vumbi. Nipime, nina haraka."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, na katika miaka yote aliyoufagia mji mdogo wa Shiqiao hakuwahi kukikalia kigoda kile. Tabibu alimwekea mto mdogo chini ya kifundo cha mkono, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho kama alivyofundishwa na baba yake.

Chini ya kidole cha kwanza alikutana na kikohozi cha Mwalimu Fang, kikavu, kinachopanda mwishoni kana kwamba kinamkemea mtu. Chini ya kidole cha pili palikuwa na magoti ya Dou mwuza nyama, yaliyojaa unyevu. Chini ya cha tatu lilikuwamo ini la mjane Shen, mwuza tofu, likiwaka moto kwa hasira aliyokuwa nayo juu ya wifi yake. Tabibu akauomba mkono wa pili. Humo alikuta mgongo wa marehemu fundi Pei, seremala, ambao ulikuwa haujapata habari za msiba.

Aliyajua maradhi hayo yote, kwa maana yeye ndiye aliyeyatibu. Ukutani nyuma yake vilining'inia vitambaa vyekundu vilivyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, zawadi za shukrani za watu hao hao, na kimoja kilisema kwamba dawa ya Gu hung'oa ugonjwa pamoja na mizizi yake. Sasa alikuwa ameona mizizi ilikopelekwa.

"Toa ulimi," alisema. Ulimi ulikuwa na rangi za watu kadhaa. "Tangu lini?"

"Tangu ile barabara mpya."

Jibu hilo lilitosha. Kwa desturi ya Shiqiao, mgonjwa akishakunywa dawa, machicha ya mizizi na magome yanayobaki chunguni hayatupwi jalalani wala hayazikwi, kwa maana ugonjwa utarudi chunguni. Humwagwa njia panda, ili miguu ya wapita njia iuchukue, kila mguu chembe, hata uishie mbali pasipo kumdhuru yeyote. Zamani mambo yalikwenda sawa. Walipita wauza chai, wapagazi wa karatasi na misafara ya harusi, na kikohozi kimoja kiligawanywa kwa watu wengi hata hakuna aliyekisikia kifuani mwake. Kisha ikajengwa barabara ng'ambo ya mto, na wageni wakakoma kupita. Wenyeji, kwa kuwa wanajua, huyazunguka machicha. Aliyebaki kuyakanyaga ni yule aliyeajiriwa kuyafagia.

"Ungeyaruka," alisema Tabibu.

"Mimi naweza kuruka. Ufagio hauruki. Na nikiyaacha watayapitia watoto wa shule, na watoto hawatazami chini."

"Mbona hukuja mapema?"

"Nije kusema nini? Mzigo ukishauzoea unakuwa mwili. Lakini binti yangu Xiuhe atajifungua mwisho wa mwezi, kule jijini, na ni mimi wa kukaa naye mwezi wake wa uzazi. Nimpikie supu ya kuku na tangawizi, nimzuie maji baridi, nifunge madirisha. Sasa nimpokeeje mtoto mchanga na kikohozi cha Mwalimu Fang? Atajifunza kukemea watu kabla hajajua kunyonya."

Tabibu hakucheka. Lilikuwa jambo linalowezekana. Alifungua droo moja baada ya nyingine, akapima mizizi, magome na maganda ya chungwa yaliyokaushwa zamani, akavifunga katika karatasi. Guizhen alichemsha, akanywa, na jioni ile akajisikia mwepesi. Akayamwaga machicha njia panda, kama watu wote. Alfajiri aliyafagia, na maradhi yakampanda miguuni yakiwa yameijua njia.

Ndipo Tabibu alipoliona kosa, naye alikuwa mtu asiyependa kosa likae bila kusahihishwa. Alivaa koti lake jeusi la kazi, akaenda sokoni, akasimama kati ya meza ya Dou mwuza nyama na beseni la tofu la mjane Shen. Akawaeleza habari yote bila kupunguza wala kuongeza, na mwisho akawaomba wasimwage tena machicha mahali pale.

"Naam, kikohozi cha Mwalimu ni kweli Shangazi Tan anacho," alisema Dou, akipangusa kisu. "Nilimsikia juzi nikadhani shule imefunguliwa."

"Basi mmesikia," alisema Tabibu.

"Tumesikia. Ila Tabibu, si babu zetu ndio waliotufundisha?"

"Ndio."

"Basi tungewauliza wao kwanza."

Mjane Shen aliweka kibao chake chini kwa kishindo. "Mimi nauliza jambo moja tu, Tabibu, usinikasirikie. Nikiyamwaga mlangoni pangu, atayakanyaga nani? Si mimi mwenyewe? Ninywe uchungu ule wote, nizibe pua, halafu nilikanyage ini langu?"

"Wifi yako angelikanyaga," alisema Dou.

"Wewe nyamaza na magoti yako."

"Magoti yangu mazima! Anayo Shangazi Tan. Naye ana mwili, mtazame mabega yale. Angekuwa mwembamba ningesema."

Hakuna aliyebisha kwamba jambo lile ni kweli, na hakuna aliyefurahi kwamba ni kweli. Watu wa Shiqiao si wakatili. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao waliuona usufi ule kila siku ukipita na ufagio wake, wakausalimu. Tangu siku ile walianza kuyamwaga machicha kwa utaratibu, pembeni, katika rundo dogo lisilosambaa, ili yawe rahisi kufagiwa. Mjane Shen alimwachia Guizhen kipande cha tofu juu ya ukuta, kimefunikwa kwa jani.

Tabibu akamwita tena dukani.

"Leo ukishakunywa, machicha yako yamwage mlangoni pangu."

"Aibu hiyo, Tabibu. Hata mbwa wa adui hamwagiwi mlangoni."

"Si ombi. Ni sharti la dawa."

Akatii. Asubuhi Tabibu alifungua mbao za mlango, akayaona machicha kwenye jiwe la kizingiti, akayakanyaga kwa miguu yote miwili, bila haraka, kama mtu anayepanda mizani. Kisha akaingia ndani kuwahudumia wagonjwa. Alikohoa kwa kukemea. Alipoinama kwenye droo za chini, mgongo wake ulikwenda mbele na kurudi nyuma kana kwamba unapiga randa ubao. Alasiri alijikuta akimchukia wifi ambaye hakuwa naye, na akamchukia kwa dhati.

Guizhen alikuja kupimwa. Mshipa wake ulikuwa wake mwenyewe, mpole na mpana, na Tabibu alikaa nao kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa hakuwahi kukutana nao.

"Nimekata tiketi ya basi," alisema Guizhen. "Keshokutwa nafagia mara ya mwisho, kisha naondoka. Na wewe, Tabibu?"

"Mimi ni tabibu."

"Sikuuliza kazi yako."

Hali ya Tabibu haikuweza kufichika. Vidole vyake havikuweza tena kutofautisha mshipa wa mgonjwa na umati uliokuwa ndani yake, na mwanamke aliyekuja kwa ajili ya tumbo aliondoka na dawa ya magoti. Kwenye foleni watu wakaanza kunong'ona. Dou alileta kuku. Mwalimu Fang, mwenye kifua safi kama kengele, alileta asali. Peiyun, mke wa mwana wa Tabibu, aliyekuwa akilisimamia jiko la nyumba ile, alisimama mbele yake akiwa ameshika bakuli kwa mikono miwili.

"Baba, unywe."

"Liweke chini. Maradhi haya yamepata mahali pa kukaa. Yaache."

"Na watu wakiniuliza, nitasema nini? Kwamba baba mkwe wangu ni tabibu na nilimwacha akohoe? Ukilala wewe, nani atatutibu? Kunywa, Baba. Nimefuata maandishi yako mwenyewe."

Mtu aliyelelewa hakatai bakuli kutoka mikononi mwa mke wa mwanawe. Tabibu alikunywa mpaka chini.

"Machicha yaache chunguni," alisema. "Nitayashughulikia mwenyewe."

"Ndiyo, Baba."

Dawa ikamlaza. Peiyun alikitazama chungu. Mama yake hakumfundisha kuweka ugonjwa ndani ya nyumba, wala kumwachia mzee aliyedhoofika kazi ya kubeba chungu. Alijitanda shali, akaenda njia panda, akayamwaga pembeni, katika rundo dogo lisilosambaa.

Guizhen alifika kulipopambazuka akiwa na mkoba wake mgongoni, umejaa tangawizi, sukari guru na mayai yaliyofungwa kwa majani ya mpunga. Basi lilikuwa limekwisha kusimama darajani. Aliyaona machicha, akayatambua kwa harufu kuwa ni ya nyumba ya Gu. Kutoka upande wa mto zilisikika sauti za watoto wakiimbiana masomo njiani. Aliuweka mkoba juu ya ukuta, akafagia.

Kisha akaenda kwenye duka la sigara lenye simu, akampigia binti yake.

"Xiuhe, mwambie mama mkwe wako aje yeye. Mimi sitaweza."

"Mama! Yeye hufungua madirisha."

"Mfiche ufunguo. Usiguse maji baridi, hata kunawa. Usisome, usilie, macho yataharibika. Mayai nitayatuma na dereva."

"Mbona unakohoa hivyo?"

"Si mimi, ni Mwalimu Fang."

"Ah. Msalimie."

Tabibu aliamka mchana akiwa mzima kabisa. Aliuliza yalipo machicha, na Peiyun akamwambia, kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Hakumgombeza. Hakuwa na kosa la kumgombezea, isipokuwa lile ambalo mtaa mzima ungesimama kulitetea. Alivaa viatu, akamtafuta Guizhen, akamkuta ameketi chini ya ukuta akila tofu.

"Leo utamwaga tena kwangu," alisema.

"Na mkweo atamwaga tena kwangu. Tutachokeshana bure, Tabibu. Wewe una foleni."

Tabibu akarudi kwenye foleni.

Mjukuu wa Guizhen alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kubwa. Madirisha yalifunguliwa. Nao wenyeji wa Shiqiao walichangishana wakamtengenezea Tabibu kitambaa kipya chekundu cha kumpongeza kwa kupona, kikubwa kuliko vyote, na kwa kuwa ukuta ulikuwa umejaa walikitundika juu ya mlango, ambapo Guizhen aliweza kukiona kutoka kazini.

Siku moja alimsimamisha Tabibu njiani. Guizhen alikuwa amekonda, macho yake yamedidimia.

"Wengine wote nawajua," alisema. "Kuna mmoja mgeni. Silali. Nikilala chini nawaza watu: huyu kinyesi chake kikoje leo, yule amekunywa dawa yake au amedanganya, mtoto wa nani ana homa. Watu nisiowajua hata majina. Huyo ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Tabibu. "Tangu ujana."

"Mbona hukujitibu?"

"Nilidhani ni kazi."

Guizhen alitikisa kichwa, akaendelea kufagia.

Jioni ile Tabibu Gu aliiloweka miguu yake katika beseni la maji ya moto, kama alivyowaagiza wagonjwa wake wote, akaifuta, akapanda kitandani mapema. Alikuwa amekusudia kulala macho wazi kwa ajili ya Guizhen na kulifikiria jambo lake mpaka apate njia. Alianza na jina lake. Kabla hajafika mwisho wa jina, usingizi ulikuwa umemchukua, mzito na mtamu, kama ule waliolala majirani zake wote.