Tarehe Chini ya Ukuta

Mama Pindo alikuwa mshonaji, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo lake halifumuki. Ugomvi wake na jirani mwenye ghala ulikuwa mwepesi tu: ukuta wa ghala ulikuwa umeinamia kibanda chake, na yeye alitaka ubomolewe kabla haujamwangukia. Akaenda mahakamani. Hapo ndipo alipojitia kitanzini, maana hakimu aliamuru ukuta usiguswe na mtu yeyote, kwa kuwa ni kielelezo cha kesi, mpaka pande zote mbili zibadilishane ushahidi wao. Na kubadilishana huko kulitaka kupangiwa tarehe.

Ee, tarehe! Kila wakiitwa, wakili wake na wakili wa jirani walisimama, wakaitana "msomi mwenzangu", wakafungua shajara zao na kuanza kukuna vichwa. Huyu ana likizo, yule ana harusi ya shemeji. Huyu mhandisi wake bado anaandika ripoti, yule mhandisi hata hajamtafuta. Hakimu, mpole kupita kiasi, akawapa muda wa kwenda kufikiria wangehitaji muda gani. Mama Pindo alirudi kwenye cherehani yake chini ya ukuta uleule, roho mkononi. Angehamia wapi? Kibanda ndicho kilichompa kula yake.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akasimama bila kuitwa, akamwomba hakimu na mawakili waje wauone huo ukuta kwa macho yao. Hakimu akaona si vibaya kunyoosha miguu.

Walikuja. Mama Pindo akawakaribisha kwa heshima zote, akawapangia viti mahali pekee penye nafasi kibandani, chini ya ukuta, ambao ndio uliokuwa pia ukuta wa nyuma wa kibanda. Kwa joto lililokuwamo, wakili wa jirani akavua joho lake akalitundika kwenye msumari uliochomoza ukutani. Kisha, kwa unyenyekevu mkubwa, akaomba miezi minne. Wakili wa Mama Pindo hakuwa na pingamizi. Juu yao kitu kikalia kwaa, na vumbi likamwagikia hakimu kwenye kipara.

"Wiki mbili," alisema hakimu, akitazama juu.

Tofali moja likasogea.

"Kesho asubuhi inatosha, mheshimiwa," alisema wakili wa jirani, ambaye tayari alikuwa mlangoni.

Ikaamriwa kesho, wakatoka wakisukumana. Mama Pindo alicheka mpaka machozi. Jamani, kumbe tarehe zilikuwapo siku zote!

Asubuhi yake akiwa anajifunga kanga aende mahakamani, karani akafika, akasimama ng'ambo ya barabara. Kwa aibu akaeleza kwamba wasomi walikutana tena ofisini kwa hakimu, penye dari imara, wakatafakari upya na kukubaliana miezi minne. Ukuta usiguswe. Na wakili wa jirani anaomba joho lake, ana kesi nyingine.

Hasira zilimpanda Mama Pindo hadi utosini. Akamtazama karani, akalitazama joho, akakaa kwenye kigoda chake.

"Joho limetundikwa kwenye kielelezo, mwanangu, na kielelezo nimekatazwa kukigusa. Mwambie aje alichukue mwenyewe."

Mchana, wakili wa jirani aliwasilisha maombi ya dharura kwamba ukuta ule ni hatari kwa maisha ya watu. Jioni mafundi walikuwa juu ya ghala wakiutoa tofali moja moja, naye amesimama ng'ambo ya barabara, akiwasihi waangalie sana pale kwenye msumari.